Vifaa vya mtengenezaji au tyuningi ya gereji? Ulinganisho kwa mwenye gari Nairobi

Ukitaka gari livute kuliko lilivyotoka kiwandani, njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua nguvu iliyoidhinishwa na mtengenezaji mwenyewe: TRD na GR kwa Toyota, STI kwa Subaru, Nismo kwa Nissan, M Performance kwa BMW. Ya pili ni kumpelekea fundi wa tyuningi, akaandika upya programu ya kompyuta ya injini, au akafunga egzosi, intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) na tabo (pampu inayoibana hewa hiyo) kutoka kampuni zisizohusiana na aliyeliunda gari, kama vile HKS, Cobb au APR.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umeandikiwa mtu wa Ujerumani au Marekani mwenye gari jipya lenye waranti. Huko hoja kuu huwa moja: ukigusa programu, waranti imekwenda. Nairobi hoja hiyo haina uzito sana, kwa kuwa magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, chini ya umri wa miaka 8 unaoruhusiwa na sheria, na waranti ya kiwanda haikupanda meli pamoja nayo. Kwa hiyo hapa swali la kuuliza ni jingine. Nani aliyeipima nguvu hiyo kwenye gari kama lako, katika hewa kama hii, na nani utakayempigia simu ikileta shida?

Nitazipima njia zote mbili kwa mambo yale yale: nguvu unayopata, inavyokaa na mwinuko wa Nairobi, mzigo unaoangukia giaboksi na breki, anayewajibika kitu kikivunjika, gharama na upatikanaji, kisha sheria, bima na siku ya kuuza. La mwinuko litachukua nafasi kubwa kuliko mengine. Ndilo linalosahaulika zaidi na ndilo linaloua injini.

Nguvu unayopata

Kwa namba tupu, gereji inaongoza. Chukua Golf GTI ya kizazi cha saba. Gari la kawaida lilikuwa na nguvu za farasi 220. Aliyelipia Performance Pack ya Volkswagen alipata 230, yaani kumi tu za ziada, pamoja na breki kubwa na difu ya mbele inayodhibitiwa na kompyuta. Programu ya steji ya kwanza kutoka kampuni ya nje huifikisha injini hiyo karibu na 300 bila kufungua hata boliti moja.

Wahandisi wa Volkswagen walizijua farasi hizo. Waliziacha makusudi, kwa ajili ya mafuta mabaya, joto la jangwani na mwenye gari anayebadilisha oili akikumbuka. Sehemu nyingine ni biashara tu: Golf R, iliyouzwa na farasi 300, ilihitaji sababu ya kuwa ghali zaidi.

Vifaa vya mtengenezaji huongeza kidogo, ila si mara zote ni haba. Ford Fiesta ST ya 2013 huko Uingereza ilikuwa na farasi 182. Kifurushi cha Mountune, kilichofungwa na wauzaji wa Ford wenyewe, kiliipandisha hadi 215 kwa chujio, mabomba ya hewa na programu mpya, na waranti ikabaki. Volvo nayo iliuza programu za Polestar kwa mtindo huo huo.

Kama gari lako halina tabo, kwa mfano Vitz, Demio, Axio au Note ya kawaida, hakuna njia kati ya hizi mbili itakayokupa kitu cha kusimulia. Fundi akikuahidi farasi ishirini kwenye Vitz kwa laptopu peke yake, shika funguo zako uende.

Hewa ya Nairobi

Jiji liko mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama bar 0.82, wakati Mombasa ni takriban bar 1. Injini isiyo na tabo hulipa upungufu huo moja kwa moja: iliyoandikwa farasi 110 kwenye karatasi za Japani hapa inatoa kama 90 hivi. Hakuna programu inayoweza kuirudishia hewa isiyokuwepo.

Tabo huficha upungufu huo kwa kuzunguka kasi zaidi. Tuseme kompyuta inataka bar 2 ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Mombasa, tabo inaibana hewa mara mbili, kazi imekwisha. Nairobi inaanzia 0.82, kwa hiyo lazima iibane karibu mara 2.4 ili ifike pale pale. Sasa pakia programu ya steji ya kwanza inayodai bar 2.3: hapa unaiomba tabo ile ile ndogo ya kiwandani ibane hewa mara 2.8. Shafti inazunguka kupita ilivyokusudiwa, hewa inatoka ya moto kuliko intakula inavyoweza kuipoza, na injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda. Kugonga kwenyewe huenda usikusikie kabisa. Utakachokiona miezi kadhaa baadaye ni oili inayopungua na moshi wa buluu.

Mtengenezaji amelifikiria hili. Programu zake zina mipaka ya mwinuko. Gari likipanda, kompyuta inapunguza madai yake kwa tabo. Matokeo yake ni kwamba kifurushi cha kiwandani hakitakupa Nairobi kila kilichoandikwa kwenye brosha, lakini hakitaisukuma tabo nje ya uwezo wake pia.

Tyuningi ya gereji inaweza kuwa bora au mbaya kuliko hapo, na tofauti iko kwa aliyeiandika. Kuna gereji ambazo kazi yao ni kusoma programu ya gari lako, kuituma kwa barua pepe nje ya nchi, kupokea faili iliyobadilishwa na kuipakia. Aliyeandika faili ile yuko sehemu ya tambarare karibu na bahari, hajawahi kuliona gari lako wala kupumua hewa ya Limuru. Kuna mafundi wengine ambao hupanda na wewe kutoka Mai Mahiu hadi juu ya mlima huku laptopu ikirekodi joto la hewa, mgandamizo na jinsi kompyuta inavyorudisha nyuma muda wa kuwasha mafuta, kisha wanarekebisha, kisha wanapanda tena. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa risiti zote zitaandikwa steji ya kwanza.

Usisahau Krismasi. Gari lililotyuniwa Nairobi peke yake likishuka Mombasa linakutana na hewa nzito ambayo programu yake haijawahi kujaribiwa nayo. Muulize fundi kama mgandamizo anaudhibiti kwa kipimo kamili au kwa ziada juu ya hewa ya nje, na kama sehemu za programu zinazotumika usawa wa bahari amezipitia. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Kuhusu karatasi ya dayno (mashine inayopima nguvu ya gari), mashine nyingi huwekewa marekebisho ya mwinuko ili matokeo yalingane na yale ya usawa wa bahari. Hesabu hiyo inaifaa injini isiyo na tabo. Kwa gari la tabo, ambalo tayari limejifidia lenyewe, linaongezewa mara ya pili, na farasi 240 za kweli zinachapishwa karibu 290. Sisemi kila anayekupa karatasi anakudanganya. Mara nyingi mashine imeachwa tu kwenye mpangilio wake wa kawaida. Dai namba zisizorekebishwa, za kabla na za baada, zilizopimwa siku hiyo hiyo. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo unayoinunua.

Giaboksi, breki na vyote vinavyobeba mzigo

Toyota walipopandisha injini ya dizeli ya 1GD kwenye Prado mwaka 2020, kutoka farasi 177 hadi 204 na torki (nguvu ya kuzungusha) kutoka Nm 450 hadi 500, hawakubadilisha programu peke yake. Waliweka pia tabo mpya yenye beringi za gololi. Ndivyo anavyofanya mtengenezaji anayejua kwamba kitu kikivunjika kitarudi mlangoni kwake. Gereji inaweza kuipa Prado ya 2017 namba zile zile kwa saa moja, na tabo ikabaki ya zamani. Prado nyingi zitavumilia. Ila ukivuta trela kupanda Salgaa jua la saa nane, hapo ndipo utajua Toyota walilipia nini.

Kwa upande wa giaboksi, mfano unaowauma wengi hapa ni Golf na Audi ndogo zenye injini ya 1.4 TSI. Giaboksi yake ya kujibadilishia gia, DSG ya klachi kavu iitwayo DQ200, imeundwa kuhimili Nm 250. Injini ya farasi 122 inatoa Nm 200. Programu ya gereji hula pengo lote hilo na kupita. Giaboksi hii tayari ina sifa ya kusumbua upande wa mekatroniki (kompyuta na vali zinazoiendesha) hata bila kuguswa, kwa hiyo mimi nisingeitwika mzigo zaidi. GTI, yenye klachi za ndani ya oili, ina nafasi kubwa zaidi.

Wenye Subaru wanajua habari zao. Injini za lita 2.5 za EJ255 na EJ257 zinajulikana kwa pistoni kumeguka pale panaposhikilia ringi, hasa mgandamizo ukiongezwa na mafuta yakabaki machache. Forester XT ya kizazi cha SJ ina injini tofauti, FA20 yenye farasi 280 kwa soko la Japani, lakini nyuma yake kuna CVT ya mnyororo (giaboksi isiyo na gia za hatua) isiyopenda torki ya kushtukiza. Fundi mzuri wa Subaru atapandisha torki taratibu na kuikata mapema. Ukiona anakusifia mkupuo wa chini, jihadhari.

Breki hazihitaji maneno mengi. Kifurushi cha kiwandani mara nyingi huja nazo: WRX STI ina Brembo, na hata zile farasi kumi za Performance Pack zilikuja na disku kubwa. Kwenye tyuningi ya gereji breki ni juu yako, na wengi huzitengea pesa baada ya kutishika mara moja pale Southern Bypass.

Kikivunjika, nani anajibu

Ikiwa gari ulilinunua jipya kwa muuzaji rasmi na waranti ingalipo, vifaa vilivyoidhinishwa na kufungwa naye vinailinda. Programu ya gereji huiweka hatarini, na kuificha ni kazi ngumu. Kompyuta nyingi za kisasa huhesabu mara zilizoandikwa upya. Volkswagen na Audi huweka alama kwenye rekodi ya gari lililobadilishwa, na alama hiyo haiondoki eti kwa sababu umerudisha programu ya zamani.

Ikiwa gari lilitoka Japani likiwa limetumika, muuzaji rasmi anaweza kukufanyia sevisi, lakini hadaiwi chochote. Hapo neno “imeidhinishwa” halikupi mtu wa kumshtaki. Linakupa kazi ya wahandisi waliokwisha kuvunja injini kadhaa ili yako isivunjike, na hilo ni jambo zuri bado. Kwa upande wa gereji, fundi mwenye duka linalojulikana, anayekuandikia alichobadilisha, anayekuachia nakala ya programu ya awali na kukubali kuirudisha bila malipo, anaweza kuwa karibu nawe kuliko kampuni iliyo Tokyo. Asiyetoa maandishi, hayupo karibu na mtu yeyote.

Gharama na upatikanaji

Programu ya gereji huanzia makumi ya maelfu ya shilingi, na unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Kinachokula pesa ni kinachofuata: bomba la tabo, intakula, plagi za baridi zaidi, klachi, kisha tairi. Weka bajeti ya safari nzima kabla ya kulipia hatua ya kwanza. Kuna pia magari yanayotoka Japani yakiwa tayari yamefungwa HKS, Tein au Cusco. Hayo yanaweza kuwa bahati, au tatizo la mtu mwingine aliyeamua kulisafirisha.

Vifaa vya mtengenezaji vinaagizwa kwa namba ya chesisi, unasubiri, unalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Programu rasmi za nguvu ni nadra hapa. Kwa hiyo njia ya kweli ya kupata nguvu iliyoidhinishwa Nairobi ni kununua gari ambalo tayari linayo: WRX STI badala ya Impreza ya kawaida, Golf R badala ya GTI, Note Nismo S yenye injini ya 1.6 na farasi 140 badala ya Note ya 1.2. KRA hutoza kodi kwa orodha yake ya bei kulingana na toleo, kwa hiyo toleo la nguvu litakugharimu zaidi bandarini.

Angalizo la beji: GR Sport ya Vitz ilikuwa hasa ni mambo ya shoki, uimara wa bodi na sura, injini ikabaki ile ile. Na beji ya STI inauzwa Grogan kwa bei ya chakula cha mchana. Thibitisha toleo kwa namba ya chesisi na karatasi ya mnada, si kwa kilichobandikwa nyuma.

Sheria, bima, na siku ya kuuza

Toleo la nguvu lililotoka kiwandani liko kwenye logbuku kama lilivyo, na bima inalijua. Gari la gereji linahitaji usafi wa karatasi zaidi. Ukibadilisha injini, rangi au umbo la bodi, NTSA lazima wajulishwe. Kuondoa katalitiki (kisafisha moshi cha egzosi) au chujio la masizi la dizeli ili egzosi ipumue kunakugonganisha na kanuni za NEMA za mwaka 2006 kuhusu moshi wa magari, na ile milio ya risasi usiku Kilimani inagusa kanuni za kelele za 2009. Tena katalitiki yako ina thamani. Ukikubali iondolewe, hakikisha unaondoka nayo.

Bima ndiyo ya kuogopa. Mkataba wa bima husimama juu ya kuambiana ukweli. Mtathmini alikagua gari la farasi 220. Likigonga likiwa na 300 ambazo kampuni haikuambiwa, umewapa sababu ya kukataa dai. Mwandikie ajenti wako, ulipe nyongeza ikiwepo, uhifadhi jibu lake.

Sokoni, STI halisi ambayo haijaguswa hugombaniwa. Gari lililotyuniwa hupata wanunuzi wachache, wenye maswali mengi, ingawa yule mmoja anayelitaka hasa anaweza kulipa vizuri akiona rekodi kamili.

Kulingana na hali yako

Gari jipya lenye waranti ya muuzaji wa hapa: baki na vya mtengenezaji mpaka waranti iishe. Farasi hazitaharibika kwa kusubiri.

Bado hujaagiza gari: ongeza bajeti ununue toleo la nguvu lenyewe, kwa sababu nguvu, breki na giaboksi vinakuja vikiwa vimepimwa pamoja. Isipokuwa kodi ya toleo hilo inakushinda. Basi nunua la kawaida lililo safi, uendeshe mwaka mzima kabla ya kuamua lolote.

Una gari la tabo kutoka Japani, afya yake ni nzuri, na unalipenda: steji ya kwanza ya wastani kwa fundi anayepima barabarani hapa hapa ni uamuzi wa busara kabisa. Pima mgandamizo wa silinda kwanza. Mwombe akuandikie programu ya tabia njema, yenye torki ya chini ya kile anachoweza kufikia, na fanya breki siku hiyo hiyo.

Una 1.4 TSI ya DQ200, au Subaru ya lita 2.5 ambayo hujui historia yake: pesa hiyo iweke kwenye oili ya giaboksi pale inapohusika, radieta, plagi na tairi nzuri. Utashangaa gari litakavyobadilika.

Una Prado au Hilux ya dizeli ya kazi: ikiwa inabeba na kuvuta kila wiki, iache. Ikiwa inazunguka Karen na Lang'ata na kwenda Nanyuki wikendi, programu ya gereji yenye ongezeko dogo itakupa wepesi wa kupita malori, ilimradi chujio la masizi libaki mahali pake.

Unataka kushindana: soma kanuni za KMSF, shirikisho la michezo ya magari Kenya, za daraja lako kabla ya kununua chochote, kwani kifaa kinachokupa sekunde mbili kinaweza kukutoa kwenye matokeo. Huko gereji karibu haiepukiki, na fundi utakayemchagua atakuwa sehemu ya timu yako.

Gari halina tabo na moyo wako unataka mbio: liuze.